Matuta ya Mwenyekiti

Bertila alikuwa amesimama ukingoni mwa lami, beseni la karanga kichwani, mkono umeshapokea noti kutoka dirishani kwa dereva, aliposikia kikohozi cha mwanawe kikikatika katikati. Kikohozi kinachoendelea alikuwa amekizoea. Hiki kilichokatika ndicho kilichomwogopesha. Alimrudishia dereva noti yake, akateremka mtaroni mbio, karanga zikimwagika nyuma yake. Dereva akabaki anamwita, "Mama, karanga zangu, mama," na malori mawili yaliyokuwa yamekwama nyuma yake yakaanza kupiga honi.

Chumba cha mbele kilikuwa kimejaa wingu la buluu. Ulikuwa mwezi wa sita, msimu wa soko la tumbaku, na malori yaliyoshiba marobota yalikuwa yanapanda mwinuko ule tangu alfajiri, moja nyuma ya jingine. Kila moja lilifika tuta la kwanza likasimama karibu kabisa, likaanza upya kwa gia ya kwanza, likafika la pili, likasimama, likaanza upya, na la tatu vilevile. Kila lilipoanza upya lilitema moshi mweusi, na moshi huo haukuwa na pa kwenda. Barabara ilipowekwa lami ilijazwa kifusi mpaka ikawa sawa na madirisha ya nyumba. Ng'ambo yake ulisimama ukuta mrefu wa ghala. Basi moshi uliteremka taratibu kama maji ya mvua, ukaingia ndani bila kupiga hodi.

Julieth, mwenye miaka sita, alikuwa amekaa kitandani ameshika ukingo wa godoro kwa mikono miwili. Mabega yalipanda na kushuka. Shimo la shingo lilikuwa linaingia ndani kila alipovuta, na midomo ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Alimtazama mama yake bila kulia, maana kulia nako kunataka pumzi.

"Baba Julieth," Bertila aliita. "Baba Julieth, njoo huku."

Elieza alikuwa uani akigongomea mzinga mpya wa nyuki. Alikuja na nyundo mkononi, akasimama mlangoni, na kwa dakika nzima mwenyekiti wa kijiji cha Isakala, mtu aliyezoea kuwaambia wengine la kufanya, hakujua aiweke wapi ile nyundo.

"Tafuta pikipiki," mkewe alimwambia. "Usinitazame mimi. Tafuta pikipiki."

*

Kwenye zahanati ya Puge walimkuta Dokta Agnetha anakunywa chai. Aliacha kikombe. Alimwekea Julieth barakoa ya mvuke, akawasha mashine, akasimama kando ameshika kiuno, anahesabu pumzi za mtoto huku midomo yake ikicheza. Bertila alihesabu naye ingawa hakujua idadi nzuri ni ipi. Alijiambia kwamba akiacha kuhesabu tu, mtoto ataacha kupumua.

Ilipita karibu nusu saa kabla mabega hayajatulia.

"Hii ni mara ya tatu mwezi huu," Dokta Agnetha alisema. "Mnapikia wapi?"

"Jiko tumelihamishia nyuma kabisa, dokta," Elieza alijibu. "Kama ulivyotuagiza. Hata taa ya mafuta hatuwashi tena."

"Paka?"

"Tumemgawa."

"Anakolala je?"

"Chumba cha mbele," alisema Bertila. "Kinatazama barabara. Palepale kwenye matuta."

Dokta Agnetha alimtazama Elieza, kisha akamtazama Bertila. Alikuwa amepita pale mara nyingi. Nani asiyejua matuta ya mwenyekiti?

"Sikilizeni. Mimi sina oksijeni hapa. Nina mashine hii moja, na umeme wenyewe mnaujua. Pampu ya pumu nitawapa, lakini pampu ni ya kusukuma siku. Mtoto huyu anavuta moshi wa malori usiku na mchana. Mwondoeni pale. Ikija ya nne, msije kwangu, nendeni moja kwa moja Nzega hospitali, na muombe Mungu mfike."

"Tulimpeleka kwa bibi yake Ulyankulu," Elieza alisema.

"Ikawaje?"

"Nyuma ya nyumba ya bibi kuna mabani matatu ya kukaushia tumbaku. Alirudi hali mbaya kuliko alivyokwenda."

Dokta aliandika kwenye daftari la kliniki muda mrefu. Elieza akajikuta anasoma kichwa chini miguu juu neno moja alilolitambua, *barabara*, na uso ukamwaka moto kana kwamba ameandikwa yeye.

*

Hapa lazima lisemwe jambo ambalo Elieza hakuwahi kumwambia mtu, hata mkewe.

Mtoto aliyegongwa kwenye barabara ile, Fikiri wa Getruda, hakugongwa mbele ya nyumba ya mwenyekiti. Aligongwa kule juu, hatua mia tatu mbele, mwinuko unapoishia na njia ya shule inapokata lami. Pale gari linalotoka Nzega haliwaoni watoto wala watoto hawalioni gari mpaka liwe limeshafika. Fikiri alikuwa na miaka tisa na daftari la hesabu kwapani.

Watu wa barabara walikuja siku ya nne ya msiba, na gurudumu lao la kupimia, wakamuuliza mwenyekiti: mtoto aligongwa wapi, tuweke matuta? Sasa, yeyote aliyewahi kuishi kando ya njia hii, njia ileile waliyopita wapagazi na meno ya tembo mabegani, anajua tuta ni nini. Gari likipunguza mwendo ndipo karanga zinaponunuliwa, ndipo asali inaponunuliwa, ndipo viazi vya kuchemsha vinapopata mteja. Kuna vijiji vimegombana kwa ajili ya tuta. Kuna watu wamemfungia msimamizi jogoo wawili na debe la mchele ili tuta lisogee hatua ishirini tu kuelekea mlangoni kwao. Elieza hakutoa hata jogoo. Alinyoosha kidole. "Hapa," alisema, na kidole kilikuwa kinaelekea mbele ya mlango wake mwenyewe.

Wakapiga alama nyeupe. Getruda alikuwa bado amekaa chini na kanga kichwani, na nani angemfuata mfiwa matangani kumuuliza habari za rangi? Wiki mbili baadaye matuta yalikuwa tayari, na watu wakamsifu mwenyekiti kwamba amewapigania. Bertila akanunua beseni kubwa.

Ungemuuliza siku zile angekwambia hakuna aliyedhulumiwa. Gari likipunguza hapa, si limeshapunguza na kule? Alijiambia hivyo mpaka akaamini. Ila magari yanayotoka Nzega hufika kule juu kwanza, na mwendo wake wote, kisha ndipo yanapoteremka mpaka kwenye matuta ya mwenyekiti. Hilo hakutaka kulifikiria, na mtu asiyetaka kufikiria jambo hukosi kumwona ana shughuli nyingi. Mwaka ule Elieza alitengeneza mizinga arobaini.

*

Waliporudi kutoka Puge walimlaza Julieth palepale chumba cha mbele. Msishangae. Kwao mgonjwa hafichwi chumba cha uani, maana watu watakuja kumjulia hali, na mtu aliyekuja kukujulia hali humpitishi jikoni. Chumba cha mbele ndicho chenye viti, ndicho chenye pazia, ndicho kilichosakafiwa kwa saruji. Elieza aligongomea turubai dirishani. Chumba kikawa giza na joto, na moshi ukaendelea kuingia kupitia mlangoni, ambao haungeweza kufungwa kwa sababu ya wageni.

Walikuja wengi. Walikaa, wakasema pole, wakasimulia wagonjwa wengine waliowahi kuwaona. Mmoja alileta mafuta ya kondoo. Mwingine alisema hii si pumu, hii ni kitu kingine, na akaacha maneno yake yakining'inia hivyo mpaka Bertila akatamani kumsukuma nje.

Jumatano saa nne asubuhi akaja Getruda.

"Hodi hapa."

"Karibu, Mama Fikiri. Shikamoo."

"Marahaba, mayu," alijibu, akimwita mama kwa Kinyamwezi. "Mgonjwa kaamkaje?"

Elieza alikuwa amekaa kwenye kiti cha kona. Kila mtu kijijini alikuwa bado anamwita mwanamke yule Mama Fikiri, na kila mara Elieza alijisikia kama ameitwa yeye na mwalimu. Aliinuka, akasema habari za asubuhi, akaanza kutafuta kofia yake.

"Kaa, mwenyekiti," Getruda alisema. "Sitakaa sana."

Alikuwa ameleta uji wa ulezi kwenye chupa ya chai. Alimimina kidogo kikombeni, akakaa ukingoni mwa kitanda, akamnywesha Julieth kwa kijiko, bila haraka, namna ya mtu ambaye mikono yake bado inakumbuka. Kisha akapitisha kidole kwenye chandarua na kukitazama. Kilikuwa cheusi.

"Mnamlaza humu?"

"Wageni, Mama Fikiri," Bertila alisema. "Tutawapokelea wapi?"

Kabla hajajibiwa, lori lilifika tuta la kwanza. Walilisikia wote: breki, kimya kidogo, kisha ule mngurumo wa kuanza upya ambao ulitikisa vikombe kabatini. Halafu la pili. Nyuma yake lori jingine, na jingine. Moshi uliingia mlangoni ukiwa na harufu ya chuma, na Julieth akaacha kijiko, akaweka mikono juu ya magoti, akaanza.

Bertila alichukua pampu. Akabonyeza mara moja, mara mbili, kama alivyofundishwa. Mtoto alivuta lakini hakukuwa na kitu kilichokuwa kinaingia, kilisikika tu kifilimbi chembamba, na katikati ya kifilimbi na kifilimbi palikuwa na kimya ambacho kila mara kilikuwa kirefu zaidi. Elieza alikwenda mlangoni, akarudi, akaenda tena. "Pikipiki," alisema, lakini miguu haikumpeleka popote. Aliogopa kutoka, aliogopa kurudi akute imekwisha.

Getruda ndiye aliyemnyanyua mtoto. Hakuomba ruhusa. Alimbeba kifuani, akapita naye uani, akapita jikoni palepale ambapo wageni hawapitishwi, akatokea shambani. Bertila alimfuata akikimbia na pampu mkononi. Walipanda kupitia mabua makavu ya mahindi, wakiiacha barabara upande wao wa kushoto, mpaka kwenye nyumba ya Getruda iliyokaa peke yake mbali na lami, ambako upepo wa kiangazi ulikuwa unapita bila kuzuiwa na kitu. Akakaa chini kwenye mkeka, akamwegemeza Julieth kwenye bega lake.

"Mpe tena sasa," alisema.

Bertila akabonyeza. Wakangoja. Kuku alipita. Bertila alikuwa anaomba kwa Kinyamwezi, lugha ya mama yake, maana ya shuleni ilikuwa imemtoka yote. Taratibu mno, hata hakujua ni lini hasa, kile kifilimbi kikawa kipana, kikawa pumzi.

"Hapa panapumulika," Bertila alisema, na machozi yakamtoka.

"Ndiyo," Getruda alisema. "Hapa panapumulika." Akamrudishia mtoto wake mikononi.

*

Jioni ile, jua halijazama, Bertila alimkuta mumewe mtaroni anaokota karanga zilizomwagika juzi, moja moja, ambazo hakuna ambaye angezila.

"Kesho kutwa injinia anapita kukagua barabara," alimwambia. "Mwambie ayaondoe matuta."

"Wewe ndiye unayeuzia karanga pale."

"Sizitaki. Beseni lenyewe nitalichoma. Mwambie ayaondoe."

"Yamewekwa kwa ajili ya mtoto wa Getruda," Elieza alisema. Sauti yake ilikuwa ya ajabu kidogo. "Nitasimamaje mimi mbele ya mama yule niseme yaondolewe?"

"Mama yule leo kambeba mwanao."

Lori lilipita juu ya vichwa vyao na wote wawili wakaziba pua kwa mikono, kwa pamoja, kama walioagizwa.

"Basi tuhame," Bertila alisema.

"Tuhamie wapi?"

Bertila alimtazama kwa muda. Alikuwa ameolewa naye miaka kumi na mbili, na alijua namna anavyonyamaza akiwa amechoka na namna anavyonyamaza akiwa amekosea.

"Kuna kitu hunambii," alisema, akaingia ndani.

*

Injinia Majidi alifika Ijumaa asubuhi na gari la wazi na wasaidizi wawili. Alikuwa kijana mpole, mwenye viatu vilivyojaa vumbi na kalamu tatu mfukoni. Gari la serikali likisimama kijijini watu hawakosi, kwa hiyo ndani ya dakika chache palikuwa na watu kama ishirini ukingoni mwa barabara. Bertila alisimama mlangoni, Julieth amemwegemea.

"Mwenyekiti, habari za kazi?"

"Nzuri, injinia. Nina ombi." Elieza alisafisha koo. "Matuta haya yaondoke hapa."

Majidi alicheka. "Kila kijiji ninachopita wananiomba niweke. Wewe ni wa kwanza kuniomba niondoe."

"Mtoto wangu ataniharibikia kwa moshi."

Injinia aliacha kucheka. Alimtazama Julieth, akautazama ukuta wa ghala, akatazama jinsi nyumba ilivyozama chini ya barabara. Lori lilikuwa linapanda. Alilifuatilia kwa macho kutoka tuta la kwanza mpaka la tatu, akajipepea uso kwa daftari.

"Ni kweli," alisema. "Gari la tani thelathini likisimamishwa mlimani likaanza upya mara tatu, linakunywa mafuta kama ng'ombe kisimani, na yote yanatokea nyuma. Lingepanda kwa mwendo mmoja lingepita hapa na moshi kidogo. Ningekuwa ndiye niliyepanga, tuta nisingeliweka kwenye mwinuko."

"Basi yaondoe."

"Siwezi. Matuta yanawekwa palipotokea ajali. Karatasi ninayo: mtoto mmoja, mbele ya nyumba ya mwenyekiti, na shahidi ni mwenyekiti mwenyewe, kwa sahihi na muhuri. Nikiyaondoa kesho akagongwa mwingine, nitajibu nini?" Alifungua daftari, akalifunga. "Fomu ya ajali ninayo, mwenyekiti. Fomu ya moshi sina."

Getruda alikuwa anatoka kisimani na ndoo kichwani. Alipoona mkutano alisimama, bila kuitua ndoo.

Elieza alimwona. Angeweza bado kusema haya, tumeshukuru, karibu chai, na gari lingeondoka. Alitazama nyuma. Julieth alikuwa amefungua mdomo kidogo, mabega yakifanya ile kazi yake.

"Hakugongwa hapa," alisema.

"Unasemaje?"

"Nasema yule mtoto. Hakugongwa hapa."

"Sema kwa sauti, mwenyekiti," Majidi alimwambia, kalamu mkononi. "Hili itabidi niliandike."

Na ikabidi aseme kwa sauti, mbele ya watu waliompigia kura, mbele ya wale waliokuja na mafuta ya kondoo, mbele ya mkewe. Kwamba Fikiri aligongwa kule juu, kwenye njia ya shule. Kwamba walipomuuliza yeye, alionyesha mlango wake. Alisema kwa nini. Alipofika kwenye neno karanga mtu mmoja aliguna, na Bertila akaangalia chini, maana beseni lilikuwa bado lipo pale ukutani, na kila mtu aliliona.

Getruda alitua ndoo polepole ili maji yasimwagike.

"Mwenyekiti," alisema, "damu ya mwanangu niliifukia mchanga kwa mikono yangu. Ulidhani sijui niliifukia wapi?"

Elieza hakuinua uso.

"Ulijua, mama?" Majidi aliuliza. "Mbona hukuja ofisini?"

"Ningekuja na barua ya nani? Mwenye muhuri ni huyu." Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. "Mwaka na miezi napita hapa kila siku na ndoo yangu, nasema labda leo atakumbuka. Watoto wote wa upande wetu bado wanavukia kule. Kila saa moja asubuhi nasimama mlangoni kwangu nasikiliza breki. Hivyo ndivyo ninavyoamka, mwenyekiti. Nasikiliza breki."

Injinia alikuwa ameacha kuandika. Kisha Getruda akaanza kutembea kuelekea juu, na watu wote wakamfuata, na gurudumu la kupimia likamfuata, likilia kwa kila hatua. Mwinuko ulipoishia alisimama, akaonyesha kwa mguu. Hakukuwa na alama yoyote. Palikuwa na lami tu kama lami nyingine, na uwazi mkubwa pande zote mbili ambako upepo ungeweza kuuchukua moshi wa gari lolote na kuusambaza porini.

Waliandika maelezo mapya juu ya boneti la gari. Elieza akatia sahihi kwamba maelezo ya kwanza yalikuwa ya uongo, na kwa kuwa karatasi haikamiliki bila muhuri, alitumwa nyumbani kuuleta, akaugonga mwenyewe.

"Yatahama lini?" Bertila aliuliza.

"Nikiyapeleka maelezo haya mwezi huu, yanaweza kuingia kwenye mpango wa mwaka mwingine wa fedha," Majidi alisema. "Yakiingia."

"Na mpaka wakati huo?"

Kijana wa watu alikunja karatasi yake vizuri sana. "Mpaka wakati huo tuta linabaki lilipo, mama."

Getruda alimtazama Bertila. Hakumtazama Elieza kabisa.

"Nipe mtoto," alisema. "Atalala kwenye kitanda cha Fikiri."

*

Julieth alilala kwa Getruda siku ya kwanza, na ya pili, na wiki ikapita, na pampu ikakaa dirishani bila kuguswa. Bertila alipanda kule kila jioni, akakaa mkekani, akasikiliza pumzi ya mwanawe akiwa amelala, namna mtu anavyosikiliza redio yenye betri zinazokaribia kuisha. Alianza kula tena. Beseni aliliacha ukutani, na jirani alipoliomba alimpa. Habari za mwenyekiti zilikwenda mpaka Puge, na watu waliokuwa wakimwinukia sasa walimwambia habari za leo wakiwa wamekaa.

Ila jambo moja hawakuwa wamelifikiria siku ile ya injinia, katika fadhaa ile yote. Kutoka kwa baba yake, Julieth alikuwa akivuka barabara palepale kwenye matuta, mahali ambapo hata ng'ombe mzee angevuka salama. Kutoka kwa Getruda, njia ya shule ilikata lami kule juu. Kumteremsha mpaka kwenye matuta ilikuwa kumrudisha kwenye moshi. Dokta Agnetha alisema hata kwa dakika tano, sitaki.

Kwa hiyo Jumatatu ambayo Julieth alirudi shule, saa moja asubuhi Elieza alikuwa amesimama mwisho wa mwinuko na kipande cha kanga nyekundu kwenye fimbo. Hakuna aliyemtuma. Watoto wa upande ule walikuja, tisa, wakasimama mstari kwenye majani yenye umande. Nyuma yao alikuja Getruda amemshika Julieth mkono. Hakumsalimu mwenyekiti. Alisimama tu, mahali palepale ambapo siku ile alionyesha kwa mguu.

Elieza alitazama upande wa Puge. Palikuwa peupe. Alitazama upande wa Nzega, na barabara ilikwenda hatua chache tu, kisha ikazama, na zaidi ya hapo ilikuwa mbingu. Alisikia mngurumo. Ulikuwa mbali au ulikuwa karibu, ulikuwa lori au basi, ulikuwa unakuja au unakwenda, hakuweza kujua. Mwaka mzima Getruda alikuwa amejifunza kusikiliza, yeye hakuwahi.

"Baba," Julieth aliita, kwa pumzi nzima, sauti yake ikiwa safi kabisa. "Tuvuke?"

Elieza alitaka kunyoosha mkono kuwaonyesha, na mkono haukuinuka.

"Subiri," alisema. "Subirini kwanza." Kisha akamgeukia Getruda, kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa ile. "Mama Fikiri, linakuja au linakwenda?"

Getruda aliinamisha kichwa kidogo, akafumba macho, akasikiliza.